Gonda, Njuga na Muundi wa Mwanakombo

Kama ulisoma shule ya msingi kisiwani Mombasa mwanzo wa hii miaka ya tisini, na ukachezea shule ngoma, mimi nitakujua kwa miguu yako kabla hujanitajia jina. Juu ya kifundo utakuwa na alama ya njuga, kama bangili iliyoingia ndani ya ngozi ikakataa kutoka. Kidole gumba kitakuwa na kucha iliyoota upya na mpaka leo haijakaa sawa. Na ukisikia ngoma popote, hata ya arusi ya mtu usiyemjua, kisigino kitaanza kupiga chini chenyewe huku mdomo wako waendelea kuzungumza habari za bei ya sukari. Sisi ndio hao. Nataka tukumbushane, maana naona twaanza kusahau, na hata kuzeeka hatujazeeka.

Shule yetu ilikuwa Ganjoni, na wengi wetu tulitoka Mji wa Kale kwa miguu. Asubuhi tulikwenda na mahamri ya moto yaliyofungwa gazetini, mafuta yakipita mpaka kwenye daftari la hesabu, na mwalimu wa hesabu akitusahihishia kazi yenye harufu ya iliki. Saa sita twala viazi karai na ukwaju, midomo yawaka. Lakini hayo yote yalikuwa ni kungoja tu. Siku ilianza hasa kengele ya mwisho ilipolia, wengine wakikimbilia nyumbani na sisi wa ngoma tukikimbilia nyuma ya shule, kwenye kile kipande cha mchanga tulichogombania na wavulana wa mpira mwaka mzima.

Aliyetufundisha ni Mwalimu Kazungu. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mfupi, suruali yake ina vumbi hadi magotini hata siku za mvua. Darasani alifundisha sayansi kwa sauti ya kulala usingizi. Akifika mchangani alikuwa mtu mwingine. Alitufundisha gonda, ngoma ya vijana wa kwao, miguu yapiga chini kwa kasi na mabega yatikisika kama yana maisha yake yenyewe. Sisi wasichana wa Mji wa Kale tulikuwa tumelelewa na ngoma za arusi, mambo yetu yote yalikuwa kiunoni, na yeye hilo lilimtesa sana.

"Kiuno mnacho, Mungu kawapa," alikuwa akituambia. "Mabega mmemwachia nani nyumbani?"

Mama zetu nao walikuwa na maneno yao. Hando, ile sketi nene ya marinda ambayo wasichana wa Kigiriama huvaa, waliisikia tu wakaogopa kwamba ni fupi. Mwalimu Kazungu akaikunja hando kwenye mfuko wa sukari, akazunguka nayo nyumba kwa nyumba, aonyesha, aeleza kuwa ndani tutavaa suruali na juu blauzi ya mikono mirefu. Mamangu aliipima kwa mkono wake mwenyewe, akaigeuza ndani nje kama anayenunua kitambaa cha Idd, mwisho akasema haya, lakini nikiwa njiani nisisahau leso. Yule mwalimu alikunywa chai nyumba ngapi siku ile, sijui. Alirudi tumbo mbele.

Sasa nifike nilipotaka kufika, maana nikianza habari za chakula simalizi.

Kila siku kabla ngoma haijapigwa kulikuwa na ukaguzi. Shule nyingine zilikagua kucha na nywele, sisi tulikaguliwa miguu. Twakaa chini kwa mstari, miguu mbele, na Mwalimu apita akitazama nyayo, atafuta vigae vya chupa na malengelenge. Kisha achuchumaa, na kwa kidole gumba chake aminya muundi, huu mfupa wa mbele ya mguu, kutoka chini ya goti kushuka hadi kifundoni, polepole, huku akitutazama usoni. Sheria yake ilikuwa moja. Anayekunja uso akae.

Alitueleza sababu, na mimi nilimsikiliza kwa sikio moja kwa sababu nilitaka ngoma ianze. Alisema mguu uliochoka huuma mahali papana, na ukishapata moto wa mazoezi maumivu yapungua. Huo hauna neno, wapumzishwa usiku na asubuhi ni mzima. Lakini mfupa unaouma mahali pamoja, pa kuwekewa kidole, na kila ukicheza wazidi badala ya kupungua, huo walia. Na mfupa wa mtoto bado wakua, si wa kuchezewa.

Maneno mazuri kabisa. Lakini tazama sisi tuliyafanya nini. Kwa kuwa anayekunja uso ndiye akaaye, tukaanza kufanya mazoezi ya kutokunja uso. Ukawa mchezo. Wakati wa mapumziko, badala ya kuruka kamba, twaminyana miundi nyuma ya choo. Twafinyana. Twakanyagana vidole. Atakayekaa na uso kama ukuta ndiye bingwa. Na bingwa wa mabingwa alikuwa rafiki yangu Mwanakombo, tuliyemwita Kombo. Huyo hata ukimkanyaga na kiatu atakutazama taratibu kama mtu unayemuuliza saa. Kombo ndiye aliyekuwa katikati ya mstari wa mbele, mcheza bora kuliko sisi sote, na mabega alikuwa nayo, sijui aliyatoa wapi.

Kulikuwa na sababu ya yote hayo, nayo ni gari la moshi. Mwalimu Kazungu alikuwa ametangaza mapema kwamba watakaocheza mashindano ya mkoa ndio hao hao watakaopanda gari la moshi kwenda mashindano ya taifa, Nairobi, tukifuzu. Hakuna aliyejua ndani ya gari la moshi mna nini. Tulisikia kuna vitanda, na watu waletewa chakula na mhudumu aliyevaa glovu nyeupe. Kombo kwa safari yake ya mbali zaidi alikuwa amefika Mariakani, tena kwa msiba. Na babake, ambaye aliuza vitunguu Marikiti, hakuweza kunyamaza. Aliwaambia wenzake, akawaambia wachukuzi, akawaambia wateja. Kombo akipita sokoni, mchukuzi mwenye gunia kichwani humwambia amsalimie Nairobi. Msichana hajacheza hata mkoa, soko zima lishamuaga.

Basi ikawa hivi. Ijumaa ilikuwa siku ya kupumzika, Mwalimu hakutaka mguu wowote upige chini. Sisi subira hatukuwa nayo. Tukitoka chuoni, kusoma Kurani, twapanda sakafuni juu ya nyumba ya nyanyake Kombo, kule Mji wa Kale, kwenye lile dari la zamani la mawe na chokaa lililo gumu kama jiwe la kusagia. Mchangani mguu hausemi kitu. Pale juu kila kisigino kilipiga kama bunduki, na sisi tuliona hiyo ndiyo ngoma. Tena mchangani Mwalimu alitulazimisha kufunga njuga juu ya kitambaa cha blanketi, na kidole kipite kati ya kamba na ngozi. Kule darini Kombo alizifunga kwenye ngozi tupu na kuzikaza mpaka mguu unabadilika rangi, kwa sababu njuga iliyokazwa hulia kavu, chwa, chwa, haina mtetemo wa nyuma. Kupasha mwili moto hakuna, maji hakuna, twaingia tu na kupiga.

Mguu wa Kombo wa kushoto ukaanza kuuma. Mwanzo ulimuuma mwisho wa ngoma. Kisha ukamuuma tangu mwanzo. Kisha kupanda ngazi za kwao, zile za mbao zilizosimama kama ukuta, ikawa apanda kwa mguu mmoja na kuuvuta wa pili. Mwisho ukawa wamuuma hata akiwa amelala. Aliniambia mimi peke yangu, na akaongeza palepale, "Ukisema, wallahi hatusemezani mpaka Idd."

Katikati ya hayo kukawa na arusi ya binamu yake. Sote tulitiwa piko miguuni, ile rangi nyeusi ya arusi, sisi maua madogo ya kitoto kwenye vidole, lakini Kombo akambembeleza mtiaji mpaka akampandisha mizabibu hadi karibu na goti, myeusi ti. Kule chini ya maua hayo muundi ulikuwa mwekundu na umevimba kidogo, na hakuna jicho lililoweza kuuona. Jumatatu Mwalimu alipofika kwake kwenye ukaguzi alisimama.

"Wewe ndiye bibi arusi?" akamuuliza.

Tukacheka mpaka mstari ukavunjika. Akachuchumaa, akaminya. Kombo akamtazama kama anayeulizwa saa. Mwalimu akapita.

Ngoma ikaanza. Na Mwalimu Kazungu akafanya alichokuwa akifanya siku nyingine akitaka kujua ngoma imekaaje: akatupa mgongo. Hakuangalia, alisikiliza tu, kichwa kimelala upande mmoja, kama mtu anayetafuta mbu chumbani. Akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Kuna njuga inachelewa," akasema. "Mstari wa mbele. Mguu wa kushoto."

Akageuka.

"Mwanakombo, njoo hapa. Ruka kwa mguu mmoja. Wa kulia."

Kombo akaruka kama mwana wa mbuzi.

"Wa kushoto."

Akaruka, akatua, akakaa chini mchangani. Uso wake haukukunjamana hata chembe. Machozi yalishuka juu ya uso ambao haukutikisika, na sisi tulisimama tukimtazama, hatujui tucheke au tulie, wengine wakafanya yote mawili.

"Inauma tangu lini?"

"Haiumi, Mwalimu."

"Mwanakombo."

"Tangu kabla ya arusi."

Mwalimu hakumkemea. Alimvua njuga, akaona kamba ilivyochimba ngozi, akafumba macho kidogo. Akambeba mgongoni mwenyewe, na sisi nyuma, msafara mzima na kayamba zetu, kutoka Ganjoni, tukapita Marikiti, ambako wachukuzi waliuliza kama Nairobi ndiko huko, mpaka mlangoni kwa nyanyake Mji wa Kale.

Nyanyake Kombo alikuwa amekaa barazani. Alipoona mguu hakutaka kusikia mengi. Akaitisha maji ya moto, chumvi, manjano, akapandisha mikono ya kanzu yake tayari kukanda.

"Shikamoo, nyanya," Mwalimu akasema. "Nakuomba usiukande leo. Huu mguu una moto ndani, unataka baridi."

"Mwanangu, mimi nimekanda miguu ya mji huu tangu hujazaliwa."

"Najua, nyanya. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza, sijakwenda kwa mwingine. Misuli ikikaza tutakuletea, na uikande. Huu wa leo ni mfupa."

Nyanya akashusha mkono mmoja wa kanzu. Mwingine akauacha juu, asionekane ameshindwa.

"Na hiyo baridi waitoa wapi?"

Mwalimu akatazama ndani. Mlangoni palikuwa na friji kubwa jeupe, maana nyanya huyu ndiye aliyeuzia mtaa mzima barafu za ukwaju, zile za kufungwa kwenye nailoni. Nyanya akafuata macho yake, akaelewa, akashika kifua.

"Barafu zangu za watu kunywa, nyinyi mwazitia miguuni?"

"Zimefungwa, nyanya."

Basi siku ile na siku zilizofuata Kombo alilala kitandani, mguu juu ya mito, barafu za ukwaju zimefungwa na leso kuzunguka muundi, kitambaa kati yake na ngozi ili baridi isimuunguze. Akikaa nazo kidogo zatolewa, baadaye zarudishwa. Na sisi wenzake tulijitolea kwa moyo wote kumuuguza, kwa sababu zilizoanza kuyeyuka zilikuwa zetu. Sijapata kuona mgonjwa mwenye wageni wengi vile. Nyanya akasema mguu umepata rafiki kuliko mwenyewe.

Wakampeleka pia kwa daktari. Daktari akaminya palepale pa kidole kimoja, akampiga picha, akasema mfupa haujapasuka lakini ulikuwa njiani. Dawa yake ni kutouchezea mpaka aweze kutembea, kupanda ngazi, na kuruka bila kuhisi kitu. Akiharakisha, utavunjika na hadithi itakuwa nyingine. Mashindano ya mkoa yalikuwa yamekaribia kabisa. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu. Kombo hatacheza mkoa, na asiyecheza mkoa hapandi gari la moshi.

Babake akaacha kuzungumza habari za Nairobi. Kombo akageukia ukuta. Mwalimu akanitoa mimi mstari wa nyuma akaniweka katikati mbele, mahali pake, na mimi mahali pale sikupataka kwa namna ile. Nilicheza kama nimebeba ndoo kichwani. Akanisimamisha, akaniuliza nina nini. Hapo mdomo wangu, ambao haujawahi kujua kungoja, ukafunguka wenyewe. Nikamwambia, "Mwalimu, sote tunaficha. Anayekunja uso anakaa, na anayekaa haendi Nairobi. Sasa nani atakunja uso?"

Nilidhani nitachapwa. Mwalimu Kazungu alikaa chini mchangani pamoja nasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akachora chora na kijiti. Kisha akasema sheria ile aliitunga yeye na yeye ndiye aivunjaye. Kuanzia leo, mwenye kuumwa akasema mapema, nafasi yake haiguswi, ya gari la moshi hata ya mstarini, hata kama atakaa mpaka apone. Atakayeficha ndiye atakayebaki Mombasa. Na Mwanakombo, je? Mwanakombo alificha, tukamkumbusha, maana watoto hawana huruma. Akasema Mwanakombo alificha chini ya sheria ya zamani, na sheria ya zamani imekufa.

Kesho yake, jamani, mngeona. Tulipokaa chini kwa ukaguzi hakukuwa na mzima hata mmoja. Huyu goti, huyu kisigino, huyu kiuno tangu siku aliyojaribu kujipinda nyuma kama wachezaji wakubwa. Malengelenge yalitolewa kutoka soksini kama samaki kutoka kapuni. Mmoja alilalamika jino. Mwingine alisema haumwi kokote ila nyumbani mama hampendi kama anavyompenda kakake. Mwalimu akawasikiliza wote, hata wa jino. Kisha akatupanga. Waliochoka misuli tu, upande huu, wakanyooshwa taratibu na kupumzishwa. Wenye malengelenge, wakasafishwa na kufungwa, wakakatazwa kuyapasua. Wenye goti, akatazama wanavyotua, akagundua watua kwa miguu iliyonyooka kama vijiti, akawafundisha kutua magoti yamelegea, polepole, kama paka ashukaye ukutani. Wawili akawapeleka kwa daktari. Waliobaki kucheza siku ile tulikuwa wachache, na wapiga ngoma walikuwa wengi kutushinda.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Kabla ya ngoma tulikimbia taratibu kuzunguka uwanja na kuchezesha viungo mpaka jasho litoke, ndipo njuga zifungwe. Ndoo ya maji na kikombe vilikaa pembeni, anayetaka anywe bila kuomba. Ijumaa Mwalimu alimtuma nyanyake Kombo afunge mlango wa ngazi ya darini, na nyanya aliifanya kazi ile kwa furaha kubwa, ufunguo akiufunga kwenye ncha ya leso yake. Na Kombo hakulala tena akitazama ukuta. Aliletwa mazoezini, akakalishwa kwenye dawati, mgongo ametugeuzia, kazi yake kusikia njuga ya nani inachelewa. Ya Rabbi, alikuwa mkali. Mwalimu alikuwa na huruma, yule hakuwa nayo.

"We mstari wa nyuma, wapiga ngoma au wasafisha miguu?" hivyo ndivyo alivyotuambia, bila hata kugeuka.

Mkoa tulicheza bila yeye. Nilikuwa mahali pake, miguu yangu mepesi kwa sababu ya kupumzishwa, na pembeni nilimwona amekaa kwenye benchi, hando amevaa kama sisi, mabega yake yatikisika bila yeye kujua. Shule moja ya upande wa Buxton ilitushinda, wa kwanza wao, wa pili sisi, na wawili wa kwanza walifuzu. Nilisikia kelele moja kubwa kuliko zote kutoka nyuma ya ukumbi. Alikuwa babake Kombo, na wachukuzi wake wote, sijui Marikiti waliiachia nani.

Zilibaki wiki kadhaa. Kombo akarudishwa hatua kwa hatua. Kwanza kutembea tu. Kisha kupiga makofi na kutikisa mabega amesimama. Kisha miguu mchangani bila njuga, kidogo tu, na siku ya pili mapumziko. Kila akiongezewa, Mwalimu alimuuliza kesho yake asubuhi, si siku ile ile, kwa sababu alisema mguu hutoa majibu baada ya kulala. Kulikuwa na siku alisema unauma kidogo, na akarudishwa nyuma hatua moja, na akalia, lakini alisema. Mwisho akamwambia aruke kwa mguu wa kushoto. Akaruka. Akaambiwa aendelee. Akaruka kuzunguka uwanja mzima, na sisi nyuma yake tukiruka vivyo hivyo kwa mguu mmoja, na wavulana wa mpira wakaacha mpira.

Gari la moshi tulilipanda sote. Glovu nyeupe hatukuziona, sisi tulikuwa daraja la tatu, vitanda vyenyewe tulivisikia tu, tukakaa tumebanana na vyakula vya nyumbani, kaimati, mikate ya sinia, na mfuko wa barafu za ukwaju ambazo nyanya alizitia kwenye maranda ya mbao na magunia, akiamini zitafika. Zilifika maji. Nairobi baridi ilitufanya tupashe mwili moto mara mbili, na Kombo alicheza katikati, mimi kando yake, njuga juu ya kitambaa. Hatukushinda kitu. Watoto wa bara walitupiga vizuri sana. Lakini tuliporudi, stesheni ya Mombasa kulikuwa na harufu ya vitunguu, na Kombo akashuka kwenye ngazi ya gari kwa miguu yote miwili pamoja, puu, mbele ya babake, kumwonyesha.

Hivi sasa mimi na Kombo tumeshamaliza sekondari, na twacheza arusini tu. Mwalimu Kazungu alihamishwa kurudi upande wa kwao. Kile kipande cha mchanga kimetiwa saruji, chapendeza, magari ya walimu yaegeshwa hapo. Wadogo zetu wacheza ngoma zao wenyewe, nao najua watanicheka wakisoma haya. Mdogo wangu Rukia na wenziwe wamejifunza kwenye kaseti ya video, sebuleni, juu ya vigae vinavyoteleza, na soksi. Wana raba zenye soli nene kama mkate, wana redio yenye spika mbili, wana suruali zenye mifuko hata magotini, sijui huko waweka nini. Kupasha mwili moto kwao ni kupasha redio. Wakianguka wacheka, warudisha kanda nyuma, waanza tena. Nami nacheka, kwa sababu wacheza vizuri kuliko tulivyocheza sisi, nitakataa nini.

Juzi nilimwona Rukia ashuka ngazi upande upande. Nikamuuliza kisigino kina nini. Akasema hakina kitu, ana onyesho Jumamosi, na akanyoosha uso wake kwa ustadi ambao ningempa alama zote. Nikamwambia nafasi yake nitamwombea kwa wenziwe, haitaguswa. Akanitazama kama nazungumza Kichina. Nikakaa kwenye ngazi ile, mimi nisiyejua kungoja kitu, nikangoja. Alichelewa sana, lakini akakaa na yeye.

"Chauma," akasema. "Hapa."

Kaseti yake ilikuwa bado yaenda sebuleni, wachezaji wake hawachoki, hawaumwi, na hawamuulizi mtu kitu. Sisi hatukuwa na kaseti. Tulikuwa na mtu aliyeketi mchangani akingoja tuseme.